Lugha ya Shauri: Mali, Wosia na Neno la Mahakamani katika Uwanda wa Ufipa

Neno lenyewe

Neno shauri lina maana mbili zinazokaa chini ya paa moja. Kwanza ni nasaha au jambo linalotakiwa kuzungumzwa. Pili ni kesi iliyofikishwa mbele ya mwenye mamlaka ya kuamua. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi uleule uliozaa neno shura, yaani kutakana rai. Wajerumani walipoitawala Tanganyika hawakupata katika lugha yao neno lililowatosha, wakalichukua hilohilo na kuliandika Schauri. Siku za shauri bwana mkubwa wa wilaya aliketi barazani, watu wakaleta madai yao ya ng'ombe, madeni na mipaka, na karani akaandika. Kwa watu wa Ufipa baraza hilo lilikuwa mbali. Boma la wilaya lilikuwa Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo Wajerumani walipaita Bismarckburg. Mtu wa uwandani aliyetaka kupeleka shauri lake kwa Mzungu alilazimika kuteremka ukingo mrefu wa bonde hadi ziwani, kisha akajieleza kwa Kiswahili ambacho pengine hakukijua.

Hapa ndipo lilipo swali la mhadhara huu. Historia ya mahakama katika Tanzania huelezwa mara nyingi kama historia ya sheria: sheria gani ilitungwa mwaka gani na ikafuta ipi. Historia hiyo ni ya lazima, lakini haielezi ni kwa nini mjane wa Sumbawanga anaweza kushinda katika hatua ya kwanza kwa maneno yake mwenyewe, akashindwa katika hatua ya tatu kwa maneno asiyoyaelewa, ilhali shamba ni lilelile. Kujibu hilo yafaa kuitazama mahakama kama mahali pa lugha, na kuyapima maneno yanayotumika humo: mali, wosia, msimamizi, kashfa, dhamana. Sumbawanga na vitongoji vyake, pamoja na kata ya Chanji iliyomo ndani ya manispaa, ni mahali pazuri pa kufanyia kazi hiyo, kwa kuwa Kiswahili hapo ni lugha ya pili kwa wazee wengi na ni lugha ya kwanza kwa wajukuu wao.

Kutoka kwa Mwene hadi kwa hakimu

Kabla ya ukoloni uwanda wa Ufipa ulikuwa na dola mbili zilizotawaliwa na ukoo wa Watwa, yaani Nkansi upande wa kaskazini na Lyangalile upande wa kusini. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake kikubwa juu ya dola hizo mwaka 1981, alieleza jamii ya watu waliokaa katika vijiji vilivyosongamana, wenye kupenda majadiliano na kuuchukia ugomvi wa hadharani. Mpelelezi Joseph Thomson, aliyepita mwaka 1880, alikuwa ameshaona kwamba Wafipa ni wakulima hasa. Ukulima huo una uhusiano wa moja kwa moja na habari za mali. Mfipa alilima kwa ntumba, yaani matuta ya mviringo ambamo nyasi hufukiwa ili zioze na kuurutubisha udongo. Ntumba ni kazi inayoonekana kwa macho. Aliyezifukia anajulikana, na jirani aliyemwona akizifukia ndiye shahidi wake.

Waingereza walipoanzisha utawala wa kutumia watawala wa jadi chini ya Gavana Donald Cameron, baraza la Mwene liligeuzwa kuwa mahakama ya wenyeji. Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya 1929 iliziondoa mahakama hizo chini ya usimamizi wa Mahakama Kuu na kuziweka mikononi mwa maofisa tawala, hata rufaa ikapanda kwa Mkuu wa Jimbo na hatimaye kwa Gavana. Jambo hilo lina umuhimu kwa historia ya lugha. Kwa kuwa rufaa haikwenda kwa jaji wa Kiingereza, kumbukumbu za mahakama ya mwanzo ziliweza kubaki katika Kiswahili. Makarani waliotoka katika shule za misheni, nyingi zikiwa za Mapadri Weupe waliokuwa Karema tangu 1885, ndio waliobuni Kiswahili cha jalada: mdai, mdaiwa, shahidi wa kwanza, amekula kiapo, anasema. Hakuna aliyewafundisha nathari hiyo. Ilitokana na haja ya kazi, na mtu akiisoma leo ataona kwamba ni nathari safi, yenye sentensi fupi na vitenzi vingi.

Uhuru ulileta mabadiliko ya haraka. Mamlaka ya machifu yalifutwa mwaka 1963. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huohuo, iliyoanza kutumika 1964, iliunganisha mahakama zote katika mfumo mmoja: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, Mahakama ya Hakimu Mkazi, kisha Mahakama Kuu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliongezwa mwaka 1979, baada ya ile ya Afrika Mashariki kuvunjika. Sheria hiyo ilitungwa upya mwaka 1984, na mpangilio wa lugha ukawekwa wazi. Mahakama ya Mwanzo ni Kiswahili. Mahakama za Wilaya na za Hakimu Mkazi ni Kiswahili au Kiingereza. Mahakama Kuu ni Kiingereza. Kwa maneno mengine, shauri lililoanza kwa Kiswahili lilibadili lugha kila lilipopanda ngazi. Ajabu ni kwamba Katiba ya 1977, sheria iliyo juu ya sheria zote, iliandikwa kwa Kiswahili.

Njia tatu za urithi mmoja

Chukulia mfano wa kubuni, lakini ambao kila hakimu wa Sumbawanga angeutambua. Mzee mmoja wa Chanji amefariki. Ameacha mke, watoto wanne, nyumba yenye hati mjini, shamba la mahindi na ulezi katika kijiji alikozaliwa, na akiba ya fedha benki. Ndugu zake wamekuja matangani. Wahenga walishasema kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Lakini wahenga hao hawakuwa na hati ya nyumba.

Mali hiyo moja inafungua njia tatu. Fedha zilizo benki hazitoki mpaka Mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Ugomvi wa shamba, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya 2002, uliwekewa ngazi zake: Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wanawake; kisha Baraza la Kata lenye wajumbe wasiopungua wanne na wasiozidi wanane, watatu wakiwa wanawake; kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nyumba ya mjini nayo, thamani yake ikizidi shilingi milioni 3 zilizowekwa kuwa ukomo wa Baraza la Kata, ilikwenda moja kwa moja katika Baraza la Wilaya. Mjane asiye na wakili alitakiwa ajue yote hayo, tena ajue kwamba akikosea mlango, hukumu aliyoipata kwa miaka mitatu itafutwa kwa sababu aliyeitoa hakuwa na mamlaka.

Tuanze na wosia. Sheria za mila zilizotamkwa kwa Tangazo la Serikali namba 436 la 1963, zikiwa na msingi katika kazi ya Hans Cory aliyezikusanya mila za jamii mbalimbali katika miaka ya mwisho ya ukoloni, zinautambua wosia wa mdomo na wa maandishi. Wa mdomo unahitaji mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wa maandishi, kama mwenye kuusia anajua kusoma na kuandika, mashahidi wawili wanatosha, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Kama hajui, wawe wanne. Mke au wake waliopo nyumbani nao hushuhudia. Baba hawezi kumnyima mtoto urithi kwa hasira tu: lazima ataje kwamba anamnyima, ataje sababu, na anayenyimwa apewe nafasi ya kujitetea. Sababu zinazokubaliwa ni chache, miongoni mwao kuzini na mke wa mwenye kuusia, kujaribu kumuua, au kumtupa katika ugonjwa bila ya sababu ya haki.

Anayezisoma kanuni hizi huona kwamba zinauchukulia wosia kuwa tendo la hadhara. Neno wosia katika Kiswahili limebeba maana hiyo tangu kale: ni neno la mwisho la mkubwa, lenye nasaha pamoja na mgawo wa mali. Mahakamani nasaha huanguka, mgawo hubaki. Mzee aliyesema "mama yenu asisumbuliwe katika nyumba hii" ametoa wosia kwa Kiswahili cha watu, lakini je, amegawa nyumba? Hakimu anayesoma maneno hayo anapaswa kuamua kama ni agizo juu ya milki au ni ombi la heshima. Mashahidi wanne wanaweza kuyakubali maneno yote na bado wasikubaliane juu ya maana yake.

Pasipo wosia, Tangazo la 1963 lina kanuni mbili zilizoleta uchungu kuliko nyingine zote. Moja inasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Nyingine inawaruhusu wanawake kurithi isipokuwa ardhi ya ukoo, ambayo wanaweza kuitumia maisha yao lakini si kuiuza, ila pale ambapo hakuna mwanamume wa ukoo huo. Kanuni ya pili inasimama juu ya tofauti kati ya kumiliki na kutumia. Sheria za Ulaya zina neno moja la kale kwa haki ya kutumia mali ya mwingine na kula matunda yake. Kiswahili hakina neno moja la namna hiyo, na kukosekana kwake si upungufu wa kuonea haya. Katika lugha ya kawaida, shamba "la" mtu ni lile analolilima. Kihusishi hicho kidogo hubeba matumizi na milki kwa pamoja, na mjane anayesema "shamba langu" hasemi uongo hata pale sheria inapomwambia kwamba si lake.

Hali kadhalika, kanuni yenyewe ya ardhi ya ukoo inafanana zaidi na nchi za migomba ya kudumu, kama Buhaya, ambako kibanja hukaa katika ukoo vizazi na vizazi, kuliko nchi ya ntumba ambako dai la mtu lilitokana na kazi ya mikono yake. Kuiweka kanuni moja juu ya sehemu kubwa ya nchi ilikuwa kazi ya dola changa iliyotaka umoja. Nia ilieleweka, gharama yake ililipwa na wanawake.

Mahakama hazikukaa kimya. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiandika hukumu, iliamua katika shauri la talaka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mama aliyeleta rufaa hiyo hakupata kitu siku ile, kwa kuwa mahakama iliona ameshatapanya fedha alizopewa na mumewe. Walionufaika ni waliokuja baada yake. Mwaka 1990, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake anaweza kuiuza kama mwanamume, kwa kuwa Hati ya Haki iliyoingizwa katika Katiba mwaka 1984 inakataza ubaguzi. Inafaa kukumbuka kwamba Mahakama ya Wilaya ndiyo iliyotangulia kusema hivyo. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri lililotoka Mbulumbulu mkoani Arusha, ilitamka kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, ikabatilisha sehemu za sheria ya 1992 iliyokusudia kuzifuta haki za waliopoteza ardhi wakati wa uanzishaji wa vijiji. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaja kusema waziwazi kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki ya kupata, kukalia au kutumia ardhi ni batili.

Lakini njia haikunyooka. Wajane wawili wa Shinyanga walipokwenda Mahakama Kuu kuipinga kanuni ya 1963, uamuzi wa 2006 ulikubali kwamba kanuni hiyo inabagua, ukakataa kuibatilisha kwa hoja kwamba mila haibadilishwi kwa tamko la mahakama. Rufaa yao ilikwama mwaka 2010 kwa sababu ya kasoro ya tarehe katika amri ya Mahakama Kuu, karatasi ambayo wajane wenyewe hawakuiandika. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua mwaka 2015 kwamba Tanzania imevunja haki zao.

Msimamizi si mrithi

Katika maneno yote ya mirathi, hakuna linalozua magomvi mengi kuliko msimamizi. Sheria inamteua mtu akusanye mali ya marehemu, alipe madeni, agawe kilichobaki kwa warithi, kisha aondoke. Kanuni za Usimamizi wa Mirathi katika Mahakama za Mwanzo, za mwaka 1971, zinamtaka alete orodha ya mali ndani ya miezi minne, na baadaye hesabu ya mgawo. Ni kazi ya muda, kazi ya daftari. Na mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatizo liko katika neno. Kusimamia, kwa Kiswahili cha mtaani, ni kuwa juu ya jambo: msimamizi wa kazi ndiye anayeamrisha. Ukoo ukiketi na kuandika muhtasari kwamba "tumemchagua kaka mkubwa awe msimamizi wa mirathi", wengi waliopo husikia kwamba kaka mkubwa amekalia kiti cha marehemu. Benki ikimlipa yeye, dhana hiyo hukomaa. Miaka kumi hupita, orodha haijaletwa, nyumba imeuzwa, na mjane anapokwenda mahakamani kulalamika huulizwa kwa nini hakupinga uteuzi pale tangazo lilipobandikwa. Mahakama Kuu imesema mara kwa mara kwamba kikao cha ukoo si sharti la kisheria na kwamba msimamizi anaweza kuwa mtu yeyote mwaminifu mwenye maslahi katika mirathi, mjane akiwamo. Hata hivyo muhtasari wa ukoo umekuwa hati isiyokosekana katika jalada, na katika utaratibu wa mahakama desturi ya makarani mara nyingine ina nguvu kuliko kifungu.

Upo ugumu mwingine ambao Ufipa, nchi ya Wakatoliki wengi, huuonja sana. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka juu ya mirathi inayofuata sheria za mila au za Kiislamu. Marehemu akiwa Mkristo, pingamizi huja upesi: sheria yake ni ile ya Urithi ya India ya 1865, inayompa mjane theluthi na watoto theluthi mbili, na shauri lake liende mahakama ya juu. Mahakama zimejibu kwamba ubatizo peke yake haumtoi mtu katika mila. Hutazamwa mwenendo wa maisha yake na kusudio lake. Basi mtu wa Chanji aliyefunga ndoa kanisani, akajenga mjini, akalima kijijini na kuhudhuria matambiko ya ukoo wake, alikuwa mtu wa mwenendo gani? Mashahidi huitwa waeleze maisha ya marehemu, na mara nyingi hueleza maisha mawili.

Kashfa na jina la mji

Wenyeji husimulia kwamba jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Liwe simulizi au asili ya kweli ya neno, mji umelibeba jina hilo kama mtu anavyobeba jina la utani, na mashauri ya kashfa humo huwa na ladha yake. Kwa mwandishi wa habari kashfa ni jambo la magazeti. Iliwahi kuwekwa katika Sheria ya Magazeti ya 1976, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Kwa watu wengi wa uwandani, kashfa iliyo nzito kuliko zote haichapwi. Ni neno moja linalosemwa kisimani au kilabuni: mchawi.

Serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928. Sheria hiyo haikuuliza kama uchawi upo. Iliadhibu anayejidai kuwa nao, anayetisha kuutumia, na anayemtaja mwenzake kuwa mchawi pasipo kupitia kwa wenye mamlaka. Ilimpa pia mkuu wa wilaya uwezo wa kumhamisha mtu anayeshukiwa, kifungu ambacho kwa vitendo kilimwadhibu aliyesingiziwa. Watu hawakuridhika. Katika miaka ya 1933 na 1934 vuguvugu la Mchape lilisambaa kutoka Nyasaland, na mwaka 1963 hadi 1964 Ufipa ilipitiwa na lile la Kamchape, ambalo Willis alilishuhudia na kuliandikia makala mwaka 1968. Waganga vijana walikwenda kijiji kwa kijiji, watu wakatoa mapembe na dawa, wakanyoshewa vidole, wakanyweshwa au kuchanjwa, kijiji kikatangazwa safi. Yapo mambo mawili yanayostahili kuangaliwa. Kwanza, hilo lilitukia katika miaka ileile ambayo mahakama mpya za mahakimu zilikuwa zikifunguliwa. Pili, Kamchape ilitoa kitu ambacho mahakama haikuweza kutoa: hukumu juu ya swali lenyewe, yaani nani ni mchawi.

Hakimu haulizi swali hilo. Anauliza: neno gani lilitamkwa, mbele ya nani, na aliyelisikia alielewa nini? Hapo elimu ya lugha inakuwa ushahidi. Kiswahili humwezesha mtu kushtaki bila kushtaki. "Mtoto wangu amelogwa" ni sentensi ya kutendwa isiyo na mtenda. "Tunajua anayeloga hapa" ina mtenda asiye na jina. "Macho yako usiku hayalali" haina hata kitenzi cha kuloga, na kila aliyepo ameelewa. Sheria ya Kiingereza hutenganisha kashfa ya maandishi na ya mdomo, na ile ya mdomo haimpi mtu fidia kwa kawaida mpaka athibitishe hasara, isipokuwa katika mambo machache kama kumsingizia mtu kosa la jinai. Kiswahili hakina mgawanyo huo. Kashfa ni kashfa. Na pale ushahidi unapotafsiriwa kwa ajili ya mahakama ya juu, mchawi, mlozi na mwanga huwa neno moja la Kiingereza, na fumbo la macho yasiyolala huwa habari ya mtu mwenye ugonjwa wa kukosa usingizi.

Rehani na dhamana

Juu ya benki maneno machache yatatosha. Waswahili wa pwani walikuwa na neno rehani kwa mali inayowekwa ili kulinda deni, na neno dhamana kwa ahadi ya mtu kusimama badala ya mwingine. Katika mazungumzo ya mikopo siku hizi dhamana imelimeza rehani: nyumba ni dhamana, shamba ni dhamana, na mtu anayetia saini naye huitwa mdhamini. Mkopaji anayeambiwa kwamba nyumba yake ni dhamana tu anaweza kusikia ahadi ya heshima, si hatari ya kupigiwa mnada na dalali. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikwisha kumzuia mwanandoa kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya 1999 ikaweka sharti la ridhaa hiyo kwenye rehani yenyewe. Mashauri yanayofuata hufanana. Mke anasema hakujua. Benki inaonyesha saini yake. Fomu ni ya Kiingereza. Sheria inauliza kama aliridhia. Inauliza mara chache zaidi kama alielewa.

Kumbukumbu katika lugha mbili

Utaratibu wa mashauri huonekana kuwa jambo kavu, kumbe ndipo watu wengi wanapopotezea haki zao. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ni mfano mzuri. Sheria ya 2002 iliruhusu liendeshwe kwa Kiswahili au Kiingereza, lakini kumbukumbu na hukumu ziandikwe kwa Kiingereza. Mwenyekiti aliketi na wazee wa baraza, na kanuni za 2003 zilimtaka, kabla ya kuandika hukumu, ampe kila mzee nafasi ya kutoa maoni yake kwa maandishi. Mzee aliruhusiwa kuyaandika kwa Kiswahili. Kwa hiyo ndani ya jalada la Kiingereza kulikuwa na karatasi mbili za Kiswahili, ambazo aghalabu ndizo pekee katika jalada zima ambazo mdai angeweza kuzisoma.

Kwa miaka mingi karatasi hizo zilichukuliwa kuwa mapambo. Wenyeviti waliandika kwamba wazee wameafiki, wakaendelea. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani, ikiwa kikaoni Mbeya, ilisema katika maamuzi mawili ya msimamo uleule kwamba maoni ya wazee lazima yawe katika kumbukumbu na yasomwe mbele ya wadaawa. Yasipokuwapo, mwenendo wote ni batili. Uamuzi huo uliyapa maneno ya wazee uzito yaliostahili, na wakati huohuo mashauri mengi yaliyokwisha kuamuliwa yakarudishwa kuanza upya. Aliyeshinda shamba mwaka 2012 alijikuta mwaka 2019 hana hukumu ya kukaza. Katiba, tangu marekebisho ya 2000, inaziagiza mahakama zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Ila wapi sharti la kiufundi linaishia na haki ya msingi inaanza ni jambo ambalo majaji wenyewe wamelibishania.

Mabadiliko makubwa ya lugha yalikuja mwaka 2021. Tarehe 1 Februari, katika Siku ya Sheria mjini Dodoma, Rais John Magufuli alimsifu Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu, Musoma, kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, akamteua kwenda Mahakama ya Rufani. Siku chache baadaye Bunge lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na Kiingereza kikabaki pale ambapo maslahi ya haki yanakihitaji. Kanuni za mwaka 2022 zikaeleza ni lini Kiingereza kitatumika. Mwaka uleule wa 2021, kwa sheria nyingine, Baraza la Kata liliondolewa uwezo wa kutoa hukumu na kubakishiwa usuluhishi wa siku 30, kisha cheti cha kuruhusu shauri lisonge mbele. Hivyo mabaraza yaliyokuwa yakiamua kwa Kiswahili tangu mwanzo yalipoteza uamuzi katika mwaka uleule ambao Kiswahili kilipewa mahakama zote. Waandishi wengi wa historia ya lugha husherehekea la pili na hulisahau la kwanza.

Bart Rwezaura aliandika mwaka 1993 juu ya vikwazo vya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na A. B. Weston alikuwa amelijadili tatizo la istilahi tangu 1965. Istilahi siyo tena kikwazo kikubwa, maana nyingi zilikwisha kubuniwa na makarani kabla ya wanaisimu: kukaza hukumu, kuahirisha shauri, dalali wa mahakama, mrufani na mjibu rufaa. Ugumu wa sasa ni wa kumbukumbu za maamuzi. Jaji katika masjala ya Sumbawanga anayeandika kwa Kiswahili juu ya shamba la mjane hulazimika kuzitegemea hukumu za 1983, 1990, 1994 na 2018, na zote ziliandikwa kwa Kiingereza. Anaponukuu, hutafsiri mwenyewe. Jaji wa Mbeya akinukuu hukumu hiyohiyo hutafsiri kwa namna yake, mmoja akiandika "haki ya kutumia", mwingine "haki ya matumizi ya maisha", mwingine "milki ya muda". Mdaawa wa Chanji atakayekata rufaa atazisoma hukumu zote mbili katika lugha anayoielewa, na wakili wa upande wa pili atasimama kudai kwamba maneno hayo hayana maana moja.